Mtoto wa Moshi aliyewapigia Wasomali kaban

Kutulo hutajwa magazetini kwa ukame, kwa mashambulizi na kwa mvutano wa mpaka kati ya kaunti za Wajir na Mandera. Muziki hautajwi. Lakini fuata barabara ya Elwak hadi Mandera, vuka mpaka uingie Bula Hawa, Somalia, na wimbo wa taifa utakaousikia huko ni utunzi wa mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro.

Abdullahi Qarshe alizaliwa Moshi mwaka 1924. Karne yake iliyotimia mwaka 2024 ilistahili kishindo kikubwa kuliko kilichosikika huku kwetu.

Familia yake ilikuwa miongoni mwa Wasomali waliotoka pwani ya Berbera na Aden wakaenea Kenya na Tanganyika wakiwa wafanyabiashara wa mifugo, askari na watumishi wa wakoloni. Nchini Kenya wengi wao walijiita Isahakia, na mwaka 1919 serikali iliwapitishia sheria ya kuwatenga na "wenyeji" katika baadhi ya mambo. 

Baba alipofariki, Qarshe alipelekwa Aden. Hapo ndipo habari inaponoga, na mwenyewe aliisimulia katika mahojiano aliyoyatoa Djibouti mwaka 1994, mwaka ambao pia alifariki. Aden ilikuwa bandari ya mataifa: filamu za Kihindi, nyimbo za Kiarabu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia redio iliyowagawia watu wa kila lugha muda wao hewani. Waarabu walikuwa na muziki wao, Wahindi na wao. Zamu ya Wasomali ilipofika, mashairi yalisomwa bila ala. Jambo hilo lilimkera. Akanunua udi, ambao Wasomali huuita kaban, akauficha. Nyumbani kwao walikuwa watu wa dini, na mpiga ala alihesabiwa mhuni.

Kununua ni kitu kimoja, kupiga ni kingine. Ilimbidi ajifunze baadaye, aliporejea Somaliland, kwa waliokuwa wanaujua.

Alikuta ugomvi umeshaanza. Dereva wa lori, Abdi Sinimo, alikuwa ameanzisha balwo, vishairi vifupi vya mapenzi ambavyo vijana wa miji walivipokea kwa pupa. Wakosoaji waliviona vya kihuni, na masheikh walivilaani, hasa kwa kuwa wanaume na wanawake waliimba pamoja. Qarshe hakuona sababu ya kunyamaza. Alitia kaban ndani ya aina hiyo ya uimbaji iliyokuja kuitwa heello, na mwaka 1948 akatoa wimbo wake wa kwanza, tayari wenye siasa ndani yake. Laana ya masheikh ilimsaidia zaidi ya sifa yoyote: mapenzi yaliwafundisha vijana kusikiliza, kisha siasa ikapita mlango uleule. Mwaka 1955 alishiriki kuanzisha kundi la Walaalo Hargeisa. Ni yeye pia aliyetunga Qolobaa Calankeed, wimbo wa bendera, ambao Somalia iliufanya wimbo wa taifa mwaka 2012.

Nyimbo hizo zilifika Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa mawimbi ya redio. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya Wasomali wa eneo hilo waliotaka kujiunga na Somalia, viliifanya redio ya Mogadishu kuwa kero kwa Nairobi, iliyolalamikia matangazo yake. Waliotega sikio kwa ajili ya muziki hawakuwa na mtetezi.

Mwaka 1988 Hargeisa ilipopigwa mabomu na serikali ya Somalia yenyewe, watu walifukia kanda za muziki ardhini au wakazibeba wakikimbilia Ethiopia na Djibouti. Kambi za Dadaab, Kenya, zilifunguliwa 1991 kwa wakimbizi wa Somalia. Ahmed Ismail Hussein "Hudeydi", aliyekulia Aden na kuanzishwa njia ya udi na Qarshe, aliishia London akiwafundisha watoto wa wakimbizi kushika kaban. Uviko ulimchukua Aprili 2020.

Eastleigh, mtaa wa Wasomali jijini Nairobi, nayo iliuendeleza muziki kwa namna yake: mwaka 2004 vijana walianzisha kundi la Waayaha Cusub, lililorap kwa Kisomali. Nchini Kenya, Wasomali hutajwa katika masomo ya ufugaji na usalama. Somo la muziki halijawafikia, ingawa Qarshe, fundi mkuu wa kaban, alizaliwa ng'ambo tu ya mpaka wa Taveta.