Mikoko ya Mita Sita: Kwa Nini Mmarekani Mweusi Alinunua Cadillac Kabla ya Nyumba

Umeshaiona mara mia kwenye video za muziki wa Marekani. Ndinga ndefu isiyoisha, rangi ya pinki au nyeupe ya maziwa, nyuma ina mapezi kama papa, ndani kuna jamaa ametoa kiwiko dirishani kana kwamba barabara ni ya baba yake. Wengi wanadhani zile zilikuwa mbwembwe tu za watu wenye hela za kuchezea. Mbwembwe zilikuwepo, tena usipime. Ila kwa baadhi ya wenye magari hayo, mchuma ule ulikuwa na kazi nyingine kabisa.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Cadillac ya mwaka 1959 ilikuwa na urefu wa mita 5.7 hivi. Chukua Toyota IST moja, unganisha na nusu ya nyingine, hapo ndiyo unaikaribia. Uzito wake ulizidi tani mbili na injini ilikuwa V8 ya lita 6.4. Mwaka 1970 Eldorado ikaja na lita 8.2. Injini hiyo ukiigawa kwa IST za lita moja na nusu, unapata tano na chenji inabaki.

Na yale mapezi? Yalianza kwenye Cadillac za 1948. Mkuu wa ubunifu wa General Motors, Harley Earl, alivutiwa na ndege ya kivita ya P-38 yenye mikia miwili, akaamua gari nalo liwe na mkia. Chrysler wakaja kuwazidi kete mwaka 1957 kwa mapezi marefu na maumbo makali, GM wakapaniki, na jibu lao likawa Cadillac ya 1959 yenye mapezi marefu kuliko zote na taa mbilimbili kama risasi. Faida yake barabarani? Chrysler walidai yanalituliza gari kwenye mwendo mkali. Mnunuzi hakujali, alitaka jirani ageuke kutazama. Ubishoo huo ulikuwa na gharama pia. Kitabu cha Ralph Nader cha mwaka 1965 kuhusu usalama wa magari kinaeleza kifo cha mtoto wa miaka tisa aliyekuwa kwenye baiskeli, akaangukia ncha ya pezi la Cadillac.

Bata lenyewe lilikuwa ndani. Eldorado Brougham ya 1957 iliuzwa zaidi ya dola 13,000, ghali kuliko hata Rolls-Royce Silver Cloud. Kwa hela hiyo ulipata kipupwe, vikombe vyenye sumaku ili visiteleze, kijisanduku cha vipodozi na chupa ya manukato kutoka Paris. Kwa miaka miwili zilitengenezwa 704 tu. Kichekesho ni kwamba springi zake za upepo zilikuwa zinavuja, kwa hiyo tajiri angeweza kuamka asubuhi akakuta mkoko wake umechuchumaa.

Sasa njoo Harlem.

Peter Drucker, mwandishi maarufu wa mambo ya menejimenti, alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 30 Cadillac ilikuwa na sera ya kutowauzia watu weusi. Biashara ilikuwa mbaya, uchumi umeanguka, lakini bosi mmoja wa huduma alishangaa kuona gereji zake zinapokea wateja weusi: mabondia, waimbaji, madaktari. Magari waliyapata wapi? Walikuwa wanamlipa mzungu mamia ya dola aende dukani ajifanye mnunuzi. Bosi yule akawaambia wenzake, kwa nini hela hiyo aile mtu wa kati? Kampuni ikafungua mlango. Haukuwa wema, ilikuwa njaa, ila mlango ulifunguka.

Swali ambalo watu waliuliza wakati ule, na wengine bado wanauliza leo kwa lugha nyingine, ni hili: kwa nini mtu anayebaguliwa atumbukize hela zote kwenye gari? Jarida la Ebony, la Wamarekani weusi, lililijibu kwenye tahariri ya mwaka 1949 iliyohusu mada hiyohiyo, Cadillac. Hoja yake ilikuwa kwamba gari lile lilimpa mtu mweusi ushahidi kuwa yeye hana pungufu na mzungu yeyote.

Na ukiangalia mazingira, hesabu inaeleweka. Daktari mweusi mwenye kipato kizuri hakuweza kununua nyumba mtaa autakao, kwa sababu mikataba na benki zilimfungia. Hoteli nzuri zilimkataa. Kwenye basi la Kusini alikalishwa nyuma. Gari lilikuwa mojawapo ya vitu vichache vya hadhi ambavyo hela yake iliweza kununua sawasawa na hela ya mtu mwingine. Halafu gari kubwa unaweza kulala humo ukikosa chumba. Buti lake linabeba chakula, maji, mablanketi na hata wese la akiba, maana kuna vituo visingekuuzia. Kuanzia 1936 mpaka miaka ya 60 kulikuwa na kitabu cha mwongozo, Green Book, cha kumwonyesha msafiri mweusi wapi atapokelewa.

Lakini heshima ileile ilikuwa hatari. Mweusi ndani ya Cadillac mpya kwenye kamji ka Kusini alikuwa anamwita polisi bila kupiga simu. Baadhi ya madereva waliweka kofia ya udereva kwenye kiti. Wakisimamishwa, wanaivaa na kusema gari ni la bosi, mzungu. Fikiria hapo. Umeinunua ndinga kwa jasho lako ili uonekane mtu, halafu ili ufike nyumbani salama unalazimika kuikana.

Harlem kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 50 bingwa mmoja wa ngumi alikuwa na Cadillac ya pinki, ikipaki nje ya baa yake watu wanakuja kuishangaa. Hiyo ni kabla ya mwimbaji mmoja mzungu wa rock and roll kuifanya Cadillac ya pinki iwe yake machoni pa dunia.

Mwisho wa enzi ulikuja na mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani, bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12, na foleni za magari zikajaa sheli. Mwaka 1974 mwendo ukawekewa kikomo cha kama kilomita 88 kwa saa nchi nzima. V8 ya lita 8.2 kwenye kikomo hicho, ni kumfunga simba kamba ya mbuzi. Kwa modeli za 1977 GM wakayakata magari yao makubwa. De Ville ilipungua sentimita 20 na ushee, na uzito zaidi ya kilo 400. Lincoln waligoma mpaka 1979, wakiuza Continental ya karibu mita sita.

Mikoko mikubwa ya zamani ikashuka thamani. Aliyeichukua kwa bei ya kutupa mara nyingi alikuwa kijana wa mtaani, na ndiye aliyeipa maisha ya pili. Nenda Houston leo: rimu zinazogombaniwa na vijana kuliko zote ni zile za nyaya, zilizochomoza nje, zenye asili kwenye Cadillac za 1983 na 1984.