Umri wa Mwamba Uliogeuka: Istilahi na Historia ya Ardhi ya Basotu

Msafiri atokaye Katesh kwenda Basotu huuacha Mlima Hanang nyuma yake, akapita katika nchi ya ngano na malisho mpaka kufika ziwani. Ziwa Basotu limo ndani ya shimo lililofumuliwa na mlipuko wa volkano, mojawapo ya mashimo ambayo C. Downie na P. Wilkinson waliyaeleza katika makala yao ya mwaka 1962. Kwa hesabu ya wanajiolojia volkano hizo ni changa. Lakini ardhi zilikotobolea ni kongwe mno. Basotu iko karibu na ukingo wa mashariki wa Kratoni ya Tanzania, yaani kiini kigumu cha bara ambacho sehemu kubwa ya mawe yake yana zaidi ya miaka milioni 2,500. Mashariki ya ukingo huo umelala Ukanda wa Msumbiji, ambao mawe yake yalipikwa na kukandamizwa upya baadaye sana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya mawe hayo haiwezi kuelezwa sawasawa kwa Kiswahili endapo neno "umri" litaachwa peke yake.

Yafaa tuanze na asili ya elimu yenyewe. Mnamo mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kuwa urani hutoa mionzi. Baadaye ilidhihirika kwamba urani hugeuka polepole kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya aina ya 238 huwa imekwisha kugeuka baada ya miaka milioni 4,468 hivi. Basi anayepima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa hujua muda uliopita. Mwaka 1911 Mwingereza Arthur Holmes alitumia njia hiyo kupima jiwe la Norway, na mwaka huohuo akasafiri kwenda Msumbiji kutafuta madini. Mwaka 1948, katika mkutano wa wanajiolojia uliofanyika London, Holmes alizigawa safu kongwe za Afrika kwa kufuata umri wake, na mojawapo akaiita kwa jina la Msumbiji.

Hapo ndipo mushkili wa lugha unapoanza. Mwamba uliogeuka hauna umri mmoja. Chembe ya zirikoni huweza kuhifadhi katika kiini chake wakati mwamba ulipoumbika, na katika ganda lake wakati ulipopikwa upya. Katika sehemu ya magharibi ya Ukanda wa Msumbiji, iliyo jirani na kratoni, yamepimwa mawe yaliyoumbika takriban miaka milioni 2,700 iliyopita, ilhali joto na kani iliyoyageuza ni ya kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Mwandishi akisema tu kwamba "umri wa jiwe hili ni miaka milioni 600", mwanafunzi atadhani ardhi hiyo haikuwapo kabla ya hapo. Kosa hilo si dogo: ni sawa na kuandika tarehe ya ndoa mahali pa tarehe ya kuzaliwa.

Mfano mwingine watoka Labait, volkano ndogo isiyo mbali na Hanang, iliyotapika vipande vya mawe kutoka chini kabisa ya ganda la dunia. Mwaka 2014 Roberta Rudnick, Shukrani Manya na wenzao walitangaza kuwa zirikoni za vipande hivyo zina miaka milioni 2,600 hadi 2,700. Yaani chini ya ukingo ule bado umelala msingi wa kale.

Umuhimu wa jambo hili unazidi mipaka ya Basotu. Wataalamu wamebishana sana juu ya swali hili: je, mabamba ya dunia yalianza lini kusogea na kuzamiana kama yafanyavyo leo? Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walieleza habari za eklogaiti ya kilima cha Yalumba, katika ukanda wa Usagara, kusini mashariki ya kratoni. Jiwe hilo lina asili ya sakafu ya bahari. Kisha likazamishwa kilometa nyingi ardhini na kugeuzwa, miaka milioni 2,000 hivi iliyopita. Ushahidi huo wa kuzamiana kwa mabamba wategemea kabisa kujua kuwa tarehe iliyopimwa ni ya kugeuka, wala si ya kuumbika.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili zisichanganywe: "umri wa kuumbika" na "umri wa kugeuka". Ya tatu, "umri wa kupoa", itumike pale kipimo kinapoonyesha wakati jiwe lilipopungua joto.

Kuhusu jina la mwamba wenyewe, wako wasemao "mwamba geuzi". Jina hili lina walakini, kwani latokana na kugeuza, na kwa hiyo lamaanisha kitu kinachogeuza kingine. "Mwamba geu" lina afadhali, kwa kuwa latokana na kugeuka. Ila msikiaji aweza kukumbuka kigeugeu, asiyetulia katika hali moja. "Mwamba mgeuko" laelekea kuwa bora zaidi, maana lataja tukio lililopita na kukamilika. Ama maneno kama kratoni, zirikoni na eklogaiti, hatuoni ubaya wa kuyapokea, kwani hayajakuta neno la Kiswahili la kuyapokonya nafasi. Lakini kuumbika, kugeuka na kupoa ni maneno ambayo kila mpishi na kila mfinyanzi anayajua. Tukiyatumia kwa uangalifu, mtoto wa Basotu ataweza kusoma kwa lugha ya taifa habari za jiwe analokanyaga, na kujua ni lini liliumbika na ni lini liligeuka.