Maua mazuri, majani yananuka: lantana ilifikaje mlangoni kwetu?



Juzi nilimsaidia shangazi kukata fensi ya nyumba yetu hapa Uganda. Ile yenye vimaua vya njano, pinki na rangi ya chungwa, mnaijua. Nilipomaliza, mikono ilinuka mpaka usiku, sabuni haikusaidia. Shangazi akacheka: "Si ndiyo maana mbuzi wa jirani hawaigusi!" Nikajiuliza: nani alichukua mti wa kunuka hivi akaufanya pambo?

Jina lake ni lantana. Waganda huuita kayukiyuki. Asili yake ni sehemu za joto za Amerika. Katika karne ya 17 Waholanzi waliupeleka Ulaya, na watunza bustani wakaupenda kwa sababu ya maua. Wakachanganya aina mbalimbali mpaka wakapata rangi nyingi. Mwaka 1753 mtaalamu Linnaeus wa Sweden akauandika kwa jina la Lantana camara. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliupanda kwenye bustani ya mimea ya Calcutta, India. Kufikia 1841 ulikuwa umeshafika Australia. Afrika Mashariki nako uliletwa hivyohivyo, kama ua la bustani na fensi.

Ile harufu ndiyo silaha yake. Majani yana mafuta makali na sumu. Mifugo wengi wanayakwepa, lakini wakibanwa na njaa wanakula. Hapo ini linaharibika, na ngozi inaungua kwa jua. Basi majani yanabaki salama, na ndege wanakula matunda na kuzitawanya mbegu. Mti usioliwa, wenye mbegu zinazoruka na ndege, nani atauzuia? Mwenye jembe tu.

Na hapa ndipo historia inatugusa sisi. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, uchumi wa Uganda ulianguka. Huko Busoga, mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa bila kupaliliwa. Lantana ikaingia, ikawa kichaka kinene chenye kivuli na unyevu. Mbung'o wakapata makao karibu kabisa na nyumba za watu. Kuanzia 1976 ugonjwa wa malale ulilipuka, ukaendelea mpaka miaka ya 1980, ukapata maelfu ya watu. Lantana haikuleta ugonjwa peke yake. Vurugu za siasa ziliondoa jembe shambani, dawa na wauguzi wakapungua, kichaka kikafanya yaliyobaki.

Sisi tunajua shamba lililoachwa linavyokuwa. Kila mmoja wetu ana shamba la nyumbani ambalo leo hajui nani analipalilia.

Kuna watu wakisikia habari hii wanasema: "Mnaona, mgeni akiingia anaharibu." Mimi nasema hapana. Lantana haikutembea. Ilibebwa na watu waliotazama maua wakapuuza harufu, halafu wakaiacha bila mtunzaji. Binadamu anayekimbia vita si kichaka. Yeye anafika na jembe mkononi, anatafuta pa kulima.

Basi tufanye nini? Mwenye fensi ya lantana aikate kabla matunda hayajaiva, asiiache isambae kwenye malisho. Anayetaka kuitoa ang'oe na mizizi, maana ukikata shina tu inachipua tena. Msiwape mbuzi matawi yake. Watoto wasichezee vile vitunda, hasa vibichi, vina sumu. Na ninyi wenzetu wa mashirika, mkituletea miche ya kupamba shule au zahanati, kwanza sugueni jani, mnuse, halafu waulizeni wafugaji wa hapa wanaujuaje mti huo.

Shangazi bado ana fensi yake. Lakini sasa kila mwezi tunaikata, yeye na mimi, na mikono inanuka.