Magoli 9 ya Gelsenkirchen: Je, Kosa Lilikuwa la Mabeki?

Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ekipe ya nyumbani ikifungwa magoli mengi, hakosi mzee wa kusema: "Hata 1974 ilikuwa hivi. Mabeki walilala." Maneno hayo yamepita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto kwa zaidi ya miaka 50. Lakini mwenye kutaka kuhukumu ulinzi wa Zaire inafaa kwanza akumbuke namna mchezo ule ulivyokwenda.

Zaire haikufika Ujerumani kwa bahati. Ilikuwa imezitoa Zambia na Moroko, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mwezi wa 3 mwaka 1974 ilichukua pia Kombe la Afrika kule Cairo, baada ya kuipiga Zambia 2-0 katika finali iliyorudiwa. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale.

Watu wa Katanga walikuwa na sababu yao ya kujivuna. Golikipa Kazadi Mwamba na beki wa kulia Ilunga Mwepu walikuwa watu wa Mazembe, ekipe ya Lubumbashi iliyochukua kombe la klabu bingwa Afrika 1967 na 1968. Kazadi alitajwa kuwa mchezaji bora wa Kombe la Afrika la 1968.

Tarehe 14 mwezi wa 6, Scotland ilishinda 2-0 mjini Dortmund. Hakuna aliyeona haya. Mabeki walisimama vizuri, na wapenzi wa mpira walirudi nyumbani wakisema ekipe inaweza.

Kisha habari ya prime ikaharibu kila kitu. Wachezaji waliambiwa malipo yao hayapo. Mwepu alisimulia baadaye kwamba walikataa kucheza, wakaingia uwanjani wakiwa na uchungu. Haya yalitokea wakati sehemu kubwa ya fedha za serikali ilitoka katika shaba ya kwetu, iliyochimbwa na Gécamines. Shaba ilikuwapo na fedha ilikuwapo, ila waliovaa jezi hawakuiona.

Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilifunga magoli 3 kabla ya dakika ya 20. Hapo ndipo penye mabishano makubwa. Mwalimu Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia na golikipa wa zamani, alimtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu Dimbi, mtu mfupi, mbele ya washambuliaji warefu waliopenda kupiga kichwa. Goli la 4 liliingia mara moja. Wachezaji walimzunguka mwamuzi wakilalamika, Mwepu akampiga teke, lakini kadi nyekundu akapewa Ndaye. Zaire ikabaki na watu 10. Mapumziko yalifika ikiwa 6-0, na mwisho 9-0.

Wengi walisema mwalimu aliiuza ekipe kwa ndugu zake. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa afisa wa wizara. Vyovyote vile, ulinzi uliovunjika siku ile ulikuwa wa watu wasiolipwa, walionyang'anywa golikipa wao, kisha wakapungukiwa mtu mmoja kwa kosa lisilo lake.

Mechi ya Brazil, tarehe 22, inaonyesha tofauti. Kazadi alirudi langoni. Mwepu alisimulia kwamba walinzi wa Mobutu waliwaonya wachezaji: wakifungwa magoli 4, wasirudi nyumbani. Brazil ilipopata faulo, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla ya filimbi. Dunia ilicheka, ikadhani Mwafrika hajui sheria. Mwepu alisema aliijua vizuri sana. Ilikuwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Mchezo uliisha 3-0.

Mabeki walewale walifungwa 2, wakafungwa 9, wakafungwa 3. Kama kosa lingekuwa la miguu yao tu, hesabu hii ingekuwa ngumu kueleza. Anayetaka kujua kwa nini ukuta ulianguka aangalie pia waliokaa nyuma yake.

Kazadi alifariki 1996, Mwepu 2015. Ndaye, aliyebeba kadi ya mwingine, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1994, akakimbilia Afrika Kusini na kuishi huko kama mkimbizi. Alifariki Johannesburg mwezi wa kwanza 2019. Familia zilizoacha nyumba zao Kolwezi kwa sababu ya vita, kufukuzwa au migodi zinajua maisha ya namna hiyo. Magoli yake 9 ya 1974 bado hayajafikiwa na mtu katika Kombe moja la Afrika. Na hayo yasimuliwe kwa watoto, pamoja na yale 9 ya Gelsenkirchen.