Matuta ya Uluguru na Lugha ya Msamaha

Kuanzia mwaka 1950, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo; polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Hatimaye mradi ulikomeshwa.

Tarehe 31 Oktoba 2023, jijini Nairobi, Mfalme Charles III alieleza masikitiko yake kuhusu ukatili wa kikoloni. Kesho yake, mjini Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa maovu ya Vita vya Majimaji. Kiswahili hakichanganyi matendo haya mawili: anayesikitika hueleza hali ya moyo wake, anayeomba msamaha humwachia aliyekosewa neno la mwisho. Kukomesha mradi kuliwapumzisha Waluguru. Hakukuwapa nafasi ya kusamehe.