Nani Anashika Maikrofoni? Historia ya Kurekodi Muziki Likasi, Kutoka Gari la Tracey Hadi Kompyuta ya Nyumbani

Mwaka 1952 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey aliingia Jadotville, mji wa shaba wa Katanga ambao baada ya uhuru uliitwa Likasi, akiwa na gari lililobeba mitambo ya kurekodia. Mtaani alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa la mbao kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, kwenye makao ya zamani ya mfalme Msiri wa Wayeke. Gumba lilitembea na besi, shahada ikapita katikati yake na mdundo mwingine, na msikilizaji asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili.

Tracey alimrekodi. Miongoni mwa nyimbo alizoondoka nazo zilikuwamo “Masanga” na “Bombalaka”, zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwenye sahani za santuri. “Masanga” ikapata tuzo ya chama cha muziki wa Afrika alichokianzisha Tracey mwenyewe, ikiwa muziki bora wa mwaka huo. Katika miaka iliyofuata gitaa hilo la Jadotville lilisikika Nairobi, Kampala na Lusaka, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza mtindo wa vidole kwa kuirudiarudia sahani hadi ikachakaa. Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, sauti yake ikitangaza dawa ya Aspro redioni. Binamu yake Edouard Masengo naye alikwenda Kenya na gitaa lake.

Namna kazi ile ilivyofanywa ndiyo inayogusa mada yetu. Tracey hakutumia studio. Alirekodi watu pale walipoimba, na alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi mwenyewe, akiisogeza kwenye gitaa ufunguzi unapopigwa, kisha akiipandisha kinywani mwimbaji anapoanza. Umeme ulitoka kwenye jenereta iliyowekwa mbali, waya mrefu ukivutwa, ili ngurumo yake isiingie kwenye wimbo. Njia ya sauti ilikuwa moja. Mpigaji akikosea alianza upya, na wimbo ulipaswa kwisha ndani ya dakika tatu hivi kwa sababu upande mmoja wa sahani haukubeba zaidi ya hapo. Maana yake, aliyeamua gitaa lisikike kiasi gani, sauti ikae wapi na wimbo ukatike lini alikuwa mtu wa maikrofoni. Mwenda alipiga, Tracey akachagua.

Haki yake apewe: Tracey alitunza. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Kila rekodi iliandikiwa jina la mpigaji, mahali, lugha na ala. Kwa sababu hiyo mtu wa Likasi leo anaweza kujua nani alipiga nini, na wapi, zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Kwa wanamuziki wa Katanga waliotaka studio yenyewe, njia ilikuwa ndefu. Studio zilizochipuka mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, yaani Ngoma, Opika, Loningisa na CEFA, zote zilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, upande wa pili wa nchi. Lingala na rumba zikachukua soko. Gitaa la vidole la Katanga likabaki katika sahani za zamani na mikononi mwa wazee. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama mkoa wa Katanga ulivyoitwa wakati wa utawala wa Rais Mobutu, kujifunza kwa Mwenda, Masengo na mpigaji mwingine, Losta Abelo. Kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo ni ushahidi kwamba ujuzi ule ulikuwa hai. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Mwaka huohuo wa 1979 kampuni ya Tascam ya Japani ilitoa kifaa kiitwacho Portastudio: kinasa cha kaseti chenye njia nne za sauti, kinachokaa mezani. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kurekodi gitaa leo, kesho akaongeza sauti juu yake, keshokutwa besi. Kabla ya hapo jambo hilo kwa kawaida lilihitaji studio na bili yake.

Kompyuta ilifuata haraka. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya lugha moja ya mashine kuzungumza, MIDI, na mwaka 1985 kompyuta ya Atari ST ikatoka ikiwa na matundu ya MIDI tayari. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ikaitengenezea Cubase mwaka 1989. Programu hizi za mwanzo hazikurekodi sauti. Zilirekodi maagizo tu, ni noti gani ibonyezwe na kwa nguvu gani. Sauti yenyewe iliingia kwenye kompyuta kwa kishindo mwaka 1991 kupitia Pro Tools, ambayo wakati huo ilibeba njia nne na kuuzwa kwa dola 6,000 hivi za Marekani. Hiyo haikuwa bei ya mtu wa Likasi, wala ya wengi popote.

Mlango ulifunguliwa kwingine. Mnamo Desemba 1997 kampuni ndogo ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa FruityLoops, kazi ya mpangaji programu Didier Dambrin. Mwanzoni ilikuwa mashine ya ngoma tu: mstari wa vijumba kumi na sita, unabonyeza unachotaka kilie, mstari unazunguka. Tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio na inafanya karibu kila kitu, lakini vile vijumba bado ndivyo vinavyokupokea. Ubelgiji uliichukua shaba ya Likasi kwa miongo mingi, na mji ukabebeshwa hadi jina la Jean Jadot wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Leo kifaa cha kutengenezea biti kutoka nchi hiyohiyo kinapatikana katika kompyuta za vijana wengi wa Afrika.

Ushahidi wa hilo uko Dar es Salaam. Singeli, muziki wa kasi unaopita mapigo 200 kwa dakika, ulikuzwa katika vyumba vidogo vya uswahilini kwa kompyuta za kawaida, FL Studio na programu ya madijei ya Virtual DJ, vipande vya taarab na mchiriku vikikimbizwa hadi vigeuke kitu kipya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso ya Dar, na singeli ikafika katika matamasha ya Ulaya. Mwaka huohuo lebo hiyo ilitoa kazi za Otim Alpha wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, zilizogeuza muziki wa harusi wa Waacholi kuwa wa kompyuta. Kwa maharusi wasiomudu kundi zima la wapigaji, kompyuta moja ilijaza nafasi.

Kongo nayo ina mfano wake. Mbelgiji Vincent Kenis alipolirekodi kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa kwa ajili ya albamu iliyotoka mwaka 2009, alifanya kazi hiyo nje, katika bustani ya wanyama, akiwa na kompyuta ya mkononi, maikrofoni kumi na mbili hivi na umeme uliovutwa kutoka kibanda cha vinywaji kilichoachwa. Kenis huyohuyo alirekodi Lubumbashi wapigaji wa karindula, ile banjo kubwa ya Katanga, na albamu ikatoka mwaka 2011. Mitambo iliyomlazimu Tracey kutembea na gari ilikuwa imeingia kwenye begi.

Sasa tufike Kamatanda, sehemu ya Likasi inayojulikana zaidi kwa shaba na kobalti zinazochimbwa kwa mikono. Mtu wa hapo mwenye kompyuta iliyotumika na hamu ya kurekodi anakutana na swali ambalo Mwenda hakuulizwa: atumie programu gani? Jibu la haraka mtaani huwa ni FL Studio, kwa sababu rafiki anayo. Kwa anayetengeneza biti, jibu hilo ni zuri. Kwa anayepiga gitaa kama Mwenda, linaweza kumharibia. Mdundo wa vidole unapumua. Unakaza kidogo mwimbaji akiingia, unalegea akimaliza. Ukiufungia kwenye vijumba kumi na sita na tiki-tiki ya metronomu, unapata gitaa lililonyooka lakini si la Katanga.

Huyo anahitaji kitu kilicho karibu na kazi ya Tracey: maikrofoni moja nzuri na programu isiyomwingilia. Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa mwaka 2000, ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. Ilianza kama chombo cha watafiti wa sauti, na hadi leo uwezo wake mkuu ni kunasa, kukata na kusafisha. Kwaya ya parokia yenye sauti nne, ngoma na kinanda itabanwa humo mapema. Kwaya hiyo ifikirie Reaper, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2005 na Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki. Kifurushi chake ni cha megabaiti chache, jambo la maana pale intaneti inaponunuliwa kwa vipimo. Unaijaribu ikiwa kamili kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Wengi hawalipi. Wanapewa programu iliyovunjwa kufuli kwenye flashi, na mara nyingi virusi huja humohumo. Toleo la majaribio la FL Studio linakuruhusu kutengeneza wimbo na kuutoa kama faili la sauti, ila ukihifadhi mradi huwezi kuufungua tena hadi ununue. Kwa mwanafunzi anayemaliza biti kwa kikao kimoja, hilo linatosha kuanzia, na ni salama kuliko flashi ya mtaani.

Kuna hesabu mbili zisizoepukika kabla ya kuchagua. Ya kwanza ni nafasi: dakika moja ya njia moja, kwa ubora wa CD, inakula megabaiti tano na kidogo. Wimbo wa dakika nne wenye njia nane ni karibu megabaiti 170 kabla hujarudia lolote. Ya pili ni kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha masikioni. Fungu la sampuli 1,024 linachelewesha sauti kwa milisekunde 23 kwa kila hatua, na mwimbaji mwenye hedifoni huanza kuburuza. Likipunguzwa hadi 128 tatizo hupungua, lakini kompyuta dhaifu hukwaruza. Ndiyo maana Steinberg ilibuni njia ya mkato ya ASIO mwaka 1997, na FL Studio na Reaper zote zinaitumia kwenye Windows.

Halafu kuna umeme. Likasi iko jirani na Mwadingusha, bwawa la Mto Lufira lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1930 kwa ajili ya migodi, lakini kukatika kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, majumbani si habari. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ina thamani kuliko ya mezani yenye nguvu mara mbili, na ngurumo ya jenereta ya lupango, yaani kiwanja, la jirani huingia kwenye kila maikrofoni. Wanaorekodi nyumbani huchagua saa kabla ya kuchagua programu: usiku wa manane, au alfajiri kabla pikipiki hazijatoka. Asubuhi hiyo hiyo nyimbo zinatolewa kama faili za WAV, kila njia peke yake, zikiwa na jina la mpigaji, ala na tarehe, zikanakiliwa kwenye diski ya pili. Faili la WAV linafunguka katika Audacity, Reaper na FL Studio bila kujali lilitengenezwa wapi.