Baa ya mbwa na kibao cha "Mbwa Kali"

Wasee, kila nikiposti ile baa ya mtaani inayokaribisha mbwa, mnaniambia wazee wetu wanaogopa mbwa kwa sababu ni washamba. Hapana. Wanaogopa kwa sababu wana kumbukumbu.

Muthaiga Country Club ilifunguliwa 31 Desemba 1913. Mwafrika aliingia pale akibeba trei. Pombe kali za kizungu tulikatazwa kisheria. Ukitaka kunywa kihalali Nairobi miaka ya 1920, ulienda ukumbi wa manispaa kule Pumwani, na faida ikabaki kwa manispaa hao hao (wajanja hawa!). Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande, karatasi ndani ya kikebe cha chuma, kikining'inia shingoni. Shingoni, jamani.

Na mbwa? Mbwa alikuwa langoni kwa mzungu, kazi yake kukutambua wewe usiye na shughuli hapo. Kile kibao cha "Mbwa Kali" unachokiona hadi leo hakikuandikwa kwa Kiswahili bure. Msomaji wake alikuwa anajulikana.

Juzi nikampeleka guka, aliyewahi kuwa kijana wa bustani, tukaagiza nyama choma na Tusker baridi. Mbwa wa meza jirani alipokuja kunusa kiatu chake, guka aliinua miguu yote miwili. Mwenye mbwa akacheka, "Hana neno, guka!"

Napenda hiyo baa, nitarudi. Ila wenye baa, tengeni basi meza mbili tatu ambapo mbwa hapiti.